Poti Inawaka Lakini Haifiki: Kutafuta Kosa la VLAN Kwenye Swichi

Taa ya poti inawaka kijani, waya umepimwa na ni mzima, kompyuta inaonyesha imeunganishwa, lakini haifungui kitu wala haioni printa ya ofisini. Au inapata intaneti bila shida, ila imeangukia kwenye mtandao wa wageni wakati ni kompyuta ya mhasibu. Dalili za namna hii mara nyingi zina chanzo kimoja: poti imewekwa kwenye VLAN (mtandao mdogo uliotengwa ndani ya swichi ileile) isiyo yake, au imewekwa nusunusu. Mafundi wengi wakifika hapo huanza kuchomoa waya na kuhamisha poti mpaka kitu kikubali. Kitakubali, lakini hutakuwa umejua ubovu ulikuwa wapi, na tatizo litakurudia kwenye meza nyingine. Swichi yenyewe inajua fremu (vipande vya data vinavyopita kwenye waya) za kifaa kile imezihesabu kwenye VLAN gani, na imeandika. Kabla ya kugusa waya, iulize.

Tuchukue ofisi ya mfano yenye VLAN nne: 10 ya uhasibu, 20 ya wafanyakazi wengine, 30 ya simu za mezani na 40 ya wageni. Anwani zimepangwa zifuate namba hizo: 192.168.10.x kwa uhasibu, 192.168.20.x kwa wafanyakazi, na kuendelea. Kama bado unapanga mtandao wako, tafadhali fuata desturi hii. Mtu akikusomea anwani ya kompyuta yake kwenye simu tu, umeshajua imeangukia wapi.

## Kila poti ina maswali mawili

Kompyuta ya kawaida haijui habari za VLAN. Inatuma fremu isiyo na lebo. Lebo ni baiti 4 zinazoongezwa ndani ya fremu kwa kufuata kiwango cha IEEE 802.1Q, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1998. Ndani ya lebo kuna biti 12 za namba ya VLAN, ndiyo maana namba zinazotumika ni 1 hadi 4094. Sasa fremu isiyo na lebo ikiingia kwenye poti, swichi lazima iamue: hii ni ya VLAN gani? Jibu linatoka kwenye PVID ya poti hiyo, yaani namba ya VLAN ambayo poti inazipa fremu zisizo na lebo. Hilo ni swali la kuingia. Fremu inapotaka kutokea kwenye poti nyingine linakuja swali la pili: je, poti hii ni mwanachama wa VLAN hiyo, na kama ni mwanachama, fremu itoke na lebo au itoke bila lebo?

Maswali hayo yanajibiwa na mipangilio miwili tofauti. Kwenye Cisco Catalyst, amri moja ya `switchport access vlan 20` inajibu yote mawili kwa mpigo, kwa hiyo fundi aliyejifunzia Cisco anaweza kufanya kazi muda mrefu bila kujua kwamba ni mawili. Akikabidhiwa swichi ndogo ya TP-Link au ya Netgear, anajibu moja na kuliacha lingine. Makosa mengi utakayokutana nayo hapa chini yametokea hivyo.

Poti ya kompyuta huitwa poti ya aksesi. Poti inayounganisha swichi na swichi, au swichi na ruta, hubeba VLAN nyingi zenye lebo, na kwenye Cisco huitwa tranki. Angalia jambo hili ukihamia HP ProCurve: huko `trunk` ni amri ya kufunga waya kadhaa pamoja ziwe njia moja, wala haihusiani na lebo. Kubeba VLAN nyingi huko unaandika `tagged` na `untagged` ndani ya kila VLAN. Ukiingia ProCurve na mazoea ya Cisco ukaandika `trunk 23-24`, umeunda kitu kingine kabisa.

## Anza na jedwali la MAC

Kila fremu inapoingia, swichi inaandika anwani ya MAC (namba ya kadi ya mtandao) ya aliyeituma, poti iliyoingilia, na VLAN iliyopangiwa. Kwenye Cisco:

```
show mac address-table interface gi0/7

Vlan    Mac Address       Type        Ports
----    -----------       --------    -----
  20    0050.56ab.3c1d    DYNAMIC     Gi0/7
```

Soma safu ya kwanza. Hii ni kompyuta ya mhasibu, ilitakiwa iwe 10, swichi inasema 20. Umemaliza kutafuta, kilichobaki ni kurekebisha poti. Kama safu ingesema 10, poti haina kosa, na ubovu uko mbele: kwenye tranki, kwenye DHCP (huduma inayogawa anwani), au kwenye ruta. Mstari mmoja umekugawia tatizo katikati, na hukuinuka kitini.

Usipoona mstari wowote, usikimbilie kusema poti ni mbovu. Swichi husahau MAC iliyokaa kimya, na kwa kawaida inasubiri sekunde 300. Mwambie mwenye kompyuta apige `ping` kwenda anwani yoyote ya mtandao wake, kisha angalia tena. Bado hakuna? Huenda unatazama poti isiyo yake. Chukua MAC ya kompyuta na uitafute kwenye swichi nzima:

```
show mac address-table address 0050.56ab.3c1d
```

Windows huiandika 00-50-56-AB-3C-1D. Ni ileile, wameipanga tofauti tu. Ikitokea kwenye Gi0/11 wakati karatasi yako inasema Gi0/7, kosa liko kwenye vibandiko vya pachi paneli. Ofisi iliyohama vyumba mara kadhaa, vibandiko vyake si vya kuaminiwa.

Kwenye MikroTik amri inayofanana na hiyo ni `/interface bridge host print`, na VLAN utaiona kwenye safu ya VID.

Kuna picha moja ambayo jedwali hili huionyesha kuliko kipimo kingine chochote: poti ya meza moja yenye MAC nyingi. Kwanza inaweza kuwa kuna swichi ndogo chini ya meza, mtu ameileta aongeze nafasi. Hiyo haina shida kubwa, ila kila kitakachochomekwa pale kitakuwa VLAN moja. Pili, na hii ni mbaya, mtu ameona waya unaning'inia akauchomeka ukutani, kumbe ncha yake nyingine imeshachomekwa kwenye soketi ya VLAN nyingine. VLAN 20 na 40 zimeunganishwa kuwa kitu kimoja. Dalili yake inachanganya sana: wageni wanapata anwani za wafanyakazi, wafanyakazi wanapata za wageni, na hali inabadilika kila mtu akiwasha kompyuta upya, kutegemea DHCP ipi imewahi kujibu. Kinga yake ni kuweka `spanning-tree bpduguard enable` kwenye poti zote za meza. Waya wa aina hiyo ukichomekwa, poti inajifunga na kuandika err-disabled.

## Kompyuta ina anwani ya 169.254

Hiyo ni anwani ambayo kompyuta imejipa yenyewe baada ya kuita DHCP na kukosa jibu. Inakuambia kwamba ombi halikufika, au jibu halikurudi. Haikuambii zaidi ya hapo. Usihukumu VLAN mapema.

Kipimo ninachokipendelea ni cha mkono. Ipe kompyuta anwani ya kudumu ya VLAN inayotakiwa, mathalani 192.168.10.250 kama haina mwenyewe, kisha piga `ping` kwenda anwani ya ruta ya VLAN hiyo. Ruta ikijibu, njia nzima kutoka poti hadi ruta ni salama, nenda kaulize DHCP. Isipojibu, rudi kwenye jedwali la MAC na ufuatilie MAC ile swichi kwa swichi mpaka uone inapopotelea. Ukimaliza, rudisha mpangilio wa DHCP kwenye kompyuta hiyo, maana anwani ya mkono iliyosahauliwa ni tatizo la kesho.

Mambo mawili hujifanya kosa la VLAN wakati siyo. La kwanza ni itifaki ya spanning tree ya zamani, ile inayozuia fremu kuzunguka bila mwisho kati ya swichi: poti ikishawaka inasubiri sekunde 15 za kusikiliza na 15 za kujifunza kabla ya kupitisha chochote. Kompyuta yenye haraka inaita DHCP ndani ya hizo sekunde 30, inakata tamaa, inajipa 169.254. Ukichomoa na kuchomeka tena, mara inakubali, mara inakataa. Weka `spanning-tree portfast` kwenye poti za vifaa vya mwisho, usiweke kwenye poti za kwenda swichi nyingine. La pili ni ulinzi wa DHCP snooping, unaokataa majibu ya DHCP kutoka poti zisizoaminiwa: kama umewashwa na poti ya kwenda kwenye seva haijaandikwa `ip dhcp snooping trust`, majibu ya DHCP yanatupwa njiani, VLAN nzima inakosa anwani, na kila poti ukiitazama iko sawa.

## Kompyuta imepata anwani, lakini ya mtandao mwingine

Kama umehamisha poti kutoka 20 kwenda 10 na kompyuta bado inaonyesha 192.168.20.x, jiulize kama ilijua kwamba imehamishwa. Kompyuta huomba anwani upya kiungo kinapokatika na kurudi. Ikiwa imechomekwa nyuma ya simu ya mezani au swichi ndogo, kiungo chake hakikukatika hata kidogo, inaendelea kushikilia anwani ya zamani. Kwenye Windows, `ipconfig /release` kisha `ipconfig /renew` inatosha.

Kama kompyuta imeomba upya na bado inapata ya mtandao mwingine, na swichi ni ndogo ya kusanidiwa kwenye kivinjari, nenda moja kwa moja kwenye PVID. Hapa nataka tutembee polepole, kwa sababu ukikielewa kisa hiki kimoja utaelewa nusu ya makosa ya VLAN duniani.

Chukua TP-Link TL-SG108E, swichi ya poti 8. Poti 1 inakwenda kwenye ruta, poti 5 inakwenda kwa mhasibu. Fundi amefungua ukurasa wa "802.1Q VLAN", ameunda VLAN 10, ameweka poti 1 iwe mwanachama mwenye lebo na poti 5 mwanachama asiye na lebo. Amebonyeza, imekubali. Ameondoka. Lakini PVID iko kwenye ukurasa mwingine, "802.1Q PVID Setting", na huko poti 5 bado ni 1 kama ilivyotoka kiwandani. Na kwenye VLAN 1 poti zote 8 bado ni wanachama wasio na lebo.

Mhasibu anawasha kompyuta. Ombi la DHCP linaingia poti 5 bila lebo. Swichi inauliza PVID, inajibiwa 1. Ombi linasambaa ndani ya VLAN 1, linatokea poti 1 bila lebo, linafika kwenye ruta, na ruta inajibu kwa anwani za mtandao wake usio na lebo. Jibu linarudi ndani ya VLAN 1 na kutokea poti 5, kwa kuwa poti 5 bado ni mwanachama wa VLAN 1. Kompyuta inafanya kazi, ikiwa kwenye mtandao usio wake. Hakuna kosa lolote lililoandikwa popote.

Fundi anarudi, anaona anwani si yenyewe, anafikiri tatizo ni VLAN 1 na kuiondoa poti 5 humo. Sasa mambo yanakuwa mabaya zaidi. Ombi linaingia na kuhesabiwa VLAN 1 kama mwanzo, na swichi nyingine hulitupa hapohapo mlangoni kwa kuwa poti si mwanachama. Hata likipita na kujibiwa, jibu halina ruhusa ya kutokea poti 5. Kompyuta inajipa 169.254. Lakini ukifungua Wireshark (programu ya kutazama fremu zinazopita) kwenye kompyuta ileile, utaona matangazo ya ARP (ya kuuliza nani ana anwani fulani) ya 192.168.10.x yanaingia kwa wingi, kwa sababu kwa upande wa kutoka, poti 5 ni mwanachama halali wa VLAN 10. Kompyuta inaisikia VLAN 10 vizuri kabisa, ila kila inachosema kinaishia VLAN 1. Ukiona hali hiyo, kusikia bila kusikika, usitafute kwingine: ni PVID.

Utaratibu sahihi kwa swichi za aina hii ni uanachama kwanza, kisha PVID, kisha ndipo uondoe poti kwenye VLAN 1.

## Poti haionekani kabisa kwenye `show vlan brief`

Poti inakosekana kwenye orodha hiyo kwa sababu mbili. Ama imekuwa tranki, na tranki haziorodheshwi pale; ama imepangiwa VLAN ambayo haipo tena. `show interfaces gi0/7 switchport` inamaliza ubishi: ukisoma `Access Mode VLAN: 10 (Inactive)`, VLAN 10 imefutwa na poti imebaki ikiielekea. Poti za VLAN iliyofutwa hazirudi zenyewe VLAN 1. Zinakaa hapo bila kupitisha kitu mpaka uunde VLAN upya au uzihamishe.

Nani aliifuta? Ikiwa ni mtu, atakuwa ameandika `no vlan 10`. Ikiwa VLAN nyingi zimepotea kwa pamoja kwenye swichi kadhaa, shuku VTP, itifaki ya Cisco inayosambaza orodha ya VLAN kati ya swichi. Kwenye matoleo yake ya 1 na 2, swichi zenye jina moja la domeni hukubali orodha ya VLAN ya yule mwenye namba kubwa zaidi ya marekebisho. Swichi ya zamani iliyokuwa stoo, yenye jina lilelile na namba kubwa, ikiunganishwa kwa tranki inaweza kufuta VLAN za jengo zima ndani ya dakika. Angalia `show vtp status` kabla ya kuunganisha swichi yoyote iliyotumika. Msimamo wangu ni kwamba ofisi yenye swichi chache haihitaji VTP hata kidogo: andika `vtp mode transparent` kwenye kila moja na uunde VLAN kwa mkono.

## Ndani ya swichi moja wanaonana, swichi ya pili hapana

Poti za pande zote mbili ziko VLAN 10, lakini mhasibu wa ghorofa ya kwanza hamfikii mhasibu wa ghorofa ya pili. Hapa mshukiwa ni tranki, na amri ya kuisoma ni `show interfaces trunk`. Wengi huishia mstari wa kwanza, wakiona neno "trunking" wanaridhika. Matokeo yana sehemu nne, na kila sehemu ni kichujio:

```
Port      Mode   Encapsulation  Status      Native vlan
Gi0/24    on     802.1q         trunking    1

Port      Vlans allowed on trunk
Gi0/24    20,30,40

Port      Vlans allowed and active in management domain
Gi0/24    20,30

Port      Vlans in spanning tree forwarding state and not pruned
Gi0/24    20
```

Shuka nayo ukitafuta kila VLAN inapodondokea. VLAN 10 haipo tangu sehemu ya pili: haikuruhusiwa kwenye tranki hii. VLAN 40 imeruhusiwa lakini haipo sehemu ya tatu: kwenye swichi hii haijaundwa. Hili husahaulika sana kwa swichi ya katikati, ambayo haina kompyuta hata moja ya VLAN hiyo. Inaipitisha tu, na hata hivyo lazima iijue. VLAN 30 imefika sehemu ya tatu ikapotea ya nne: spanning tree imeizuia kwa kuwa kuna njia nyingine, au VTP imeipunguza. Soma pande zote mbili za waya, kwa kuwa upande mmoja unaweza kuruhusu na mwingine ukakataa.

VLAN hupoteaje kwenye orodha ya ruhusa? Mara nyingi kwa amri hii:

```
switchport trunk allowed vlan 40
```

Aliyeiandika alitaka kuongeza 40. Cisco inaielewa kwamba orodha nzima sasa ni 40 peke yake. Ya kuongeza ni `switchport trunk allowed vlan add 40`. Neno hilo moja limezima ofisi nyingi, na likisahauliwa na mtu anayefanya kazi kutoka mbali, anaweza kujikatia njia yake mwenyewe ya kuifikia swichi.

Ikiwa tranki haionekani kabisa kwenye matokeo, pande mbili hazikukubaliana. Swichi nyingi za Catalyst zinatoka zikiwa katika hali ya `dynamic auto`, yaani inasubiri mwenzake aanze. Mbili za hivyo zikikutana, kila moja inamsubiri mwenziwe, na kiungo kinabaki cha aksesi. VLAN moja inapita, nyingine zote hapana. Andika `switchport mode trunk` pande zote. Kwenye mashine za zamani kama Catalyst 3560, amri itakataliwa mpaka utangulize `switchport trunk encapsulation dot1q`.

## VLAN ya asili isiyolingana

Tranki nayo hupokea fremu zisizo na lebo, na huzihesabu kwenye VLAN yake ya asili (native). Upande mmoja ukiwa 1 na wa pili 99, fremu iliyotoka bila lebo ikiwa VLAN 1 inapokelewa upande wa pili kama VLAN 99. Kati ya Cisco na Cisco utaonywa: kumbukumbu zitajaa ujumbe wa `%CDP-4-NATIVE_VLAN_MISMATCH`, na spanning tree inaweza kuzifunga VLAN hizo mbili kwenye poti hiyo, ikiandika `PVID_Inc`. Kati ya Cisco na swichi ya kampuni nyingine huenda usione onyo lolote. Hapo linganisha kwa macho yako: native ya upande huu, na PVID ya upande ule. Ni kitu kimoja.

## Simu inaongea, kompyuta nyuma yake hapana, au kinyume chake

Poti ya meza yenye simu na kompyuta hubeba VLAN mbili: kompyuta bila lebo, simu kwa lebo.

```
switchport mode access
switchport access vlan 20
switchport voice vlan 30
```

Simu ya Cisco huambiwa namba 30 kwa CDP, itifaki ya Cisco ya vifaa kujitambulisha kwa jirani. Simu za wengine, kama Yealink au Grandstream, hutegemea LLDP, ya kazi kama hiyo lakini isiyo ya kampuni moja, na kwenye Catalyst nyingi LLDP imezimwa mpaka uandike `lldp run`. Dalili yake: simu inawaka, inapata anwani ya 192.168.20.x, na haijisajili kwenye seva ya simu. Jedwali la MAC litakuonyesha simu ikiwa VLAN 20 tu. Usishtuke ukiikuta kwenye 20 na 30 kwa pamoja. Ilianzia 20 kabla haijaambiwa, na mstari wa 20 utafutika ukizeeka.

Vifaa vya Wi-Fi vinafanana na hili. Wageni wanaona jina la mtandao, wanaingiza nywila, inakubali, kisha hawapati anwani: kifaa kinatuma fremu zao zikiwa na lebo ya 40, na poti iliyochomekwa ni ya aksesi, inazitupa. Igeuze kuwa tranki, ruhusu 40, na hakikisha VLAN ya asili ni ile ambayo kifaa chenyewe kinaongea na msimamizi wake.

## Umeme ulikatika, na sasa poti zote ziko VLAN 1

Mipangilio haikuhifadhiwa. Kwenye Cisco unachoandika kinakaa kwenye kumbukumbu ya muda mpaka uagize `copy running-config startup-config`. TP-Link ndogo nazo zina kitufe chao cha "Save Config", tofauti na kile cha kukubali mabadiliko.

Ajabu inayowababaisha watu ni kwamba poti zimerudi 1 lakini VLAN 10, 20, 30 na 40 bado zipo kwenye orodha. Sababu yake: swichi ikiwa katika hali ya VTP server, VLAN 1 hadi 1005 huandikwa kwenye faili la `vlan.dat` papo hapo, na poti huandikwa kwenye usanidi wa kawaida. Kwa sababu hiyohiyo, ukichukua usanidi wa swichi iliyoungua na kuubandika kwenye mpya, VLAN zilizokuwa zinapita tu kwenye tranki hazitakuwemo, itabidi uziunde. Na `write erase` haifuti `vlan.dat`, swichi uliyodhani umeisafisha bado inabeba VLAN za ofisi ya zamani.

## Poti ni sahihi na bado

Kama wa VLAN 10 wanaonana wao kwa wao lakini hawafiki VLAN 20, acha poti, hilo ni la ruta au swichi ya kiwango cha 3 (inayoweza kupitisha data kati ya VLAN kama ruta). Angalia `show ip interface brief`. Kiolesura cha Vlan10 hakiinuki kama VLAN haipo au haina hata poti moja iliyo hai. DHCP ikiwa kwenye VLAN nyingine, kiolesura hicho kinahitaji `ip helper-address` ili kupeleka maombi huko.

Kama usanidi wa poti unasema 20 na jedwali la MAC linasema 40, kuna 802.1X, utaratibu wa kumthibitisha anayechomeka kifaa kabla ya kumruhusu. Seva ya RADIUS imemtambua aliyeingia na kuamuru VLAN yake kwa sifa tatu: Tunnel-Type yenye thamani 13, Tunnel-Medium-Type yenye 6, na Tunnel-Private-Group-ID yenye namba au jina la VLAN. `show authentication sessions interface gi0/7 details` itakuonyesha VLAN iliyoamriwa. Kubadilisha poti hapa hakusaidii, rekebisha kundi la mtumiaji kwenye seva.

Na kwenye MikroTik, ukiwa umejaza PVID na jedwali la VLAN lakini hakuna kinachobadilika, tazama kama daraja (bridge) lina `vlan-filtering=yes`. Likiwa `no`, vyote ulivyoandika vinapuuzwa. Lakini usiiwashe kabla hujaweka daraja lenyewe kuwa mwanachama wa VLAN unayoitumia kuisimamia ruta, la sivyo ruta inakufungia nje palepale.

## Ukibadilisha poti kutoka mbali

Kabla ya kugusa tranki ya swichi iliyo mji mwingine, hifadhi usanidi uliopo unaofanya kazi, kisha andika:

```
reload in 10
```

Ndipo ubadilishe, bila kuhifadhi. Ukijikata, dakika 10 zikiisha swichi inajiwasha upya na kurudi ilivyokuwa. Ukiulizwa kama unataka kuhifadhi mabadiliko, jibu `no`. Kwenye MikroTik bonyeza Ctrl+X uingie Safe Mode. Muunganisho ukikatika, mabadiliko yanajirudisha yenyewe. Baada ya kubadilisha, tazama tena jedwali la MAC la poti husika, mwambie mwenye kompyuta aombe anwani upya, na namba ya VLAN ikishalingana na anwani aliyopata, andika `reload cancel` kisha `copy running-config startup-config`.